Thamani ya Mpira Mmoja

Tarehe 19 Septemba 2024, mjini Miami, Mjapani Shohei Ohtani aliupiga mpira wa besiboli ukatua upande wa watazamaji. Lilikuwa pigo lake la 50 la namna hiyo mwaka ule, na kwa kuwa alikwisha kuiba vituo 50 kwa mbio zake, akawa wa kwanza katika ligi kuu ya Marekani kuyatimiza yote mawili kwa msimu mmoja. Mwezi uliofuata mpira huo uliuzwa kwa dola milioni 4.392, huku watu wakishtakiana mahakamani juu ya nani aliyeushika kwanza.

Ngozi na uzi wake havikupita vya mpira mwingine. Kilichonunuliwa ni nini, basi? Tendo lilikwisha papo hapo, wala mtendaji hakuliuza. Mnunuzi alipata shahidi bubu, ambaye bila ya muhuri wa mthibitishaji hana ushahidi. Hilo lavumilika. Lakini wachuuzi huikatakata jezi aliyoivaa mchezaji, wakavitia vipande ndani ya kadi za kuuza. Hao humheshimu nani?

Ichiro Suzuki, aliyeivunja mwaka 2004 rekodi ya George Sisler ya mwaka 1920, alivitoa vifaa vyake vingi kwa jumba la makumbusho la Cooperstown. Mwaka 2009 alilizuru kaburi la Sisler, karibu na St. Louis, akaweka maua.