Kuvuta Si Kumudu

Gari lilivuta vizuri, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Tumchukue baba mmoja wa Aurora, pembezoni mwa Denver, mzaliwa wa Tanga, mwenye mke, watoto wawili na RAV4 isiyokosa servisi. Majira ya joto yamefika na anataka kuwapeleka wanawe wakalale milimani. Ananunua kwa mtu tela dogo la kulalia, lile la umbo la tone: mbele godoro, nyuma kifuniko kinachonyanyuliwa, na chini yake jiko, kabati la vyombo na mahali pa kuweka kisanduku cha barafu. Karatasi ya tela inasema uzito wake ni pauni 1,300, yaani kilo 590. Kitabu cha gari kinaruhusu kuvuta pauni 1,500, sawa na kilo 680. Akaona hesabu imekwisha.

Ana jirani yake, dereva wa malori ya masafa marefu, aliyemtangulia Marekani kwa miaka mingi. Jirani akaja kulitazama tela.

"Mdogo wangu, umelipima?"

"Kaka, halina shida. Limeandikwa 1,300, na gari linavuta 1,500."

"Sijakuuliza limeandikwaje. Nimekuuliza umelipima."

"Nimelizungusha mtaani, hata silisikii nyuma."

Jibu hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu, kwa sababu ni la kweli kabisa na bado halisemi lolote kuhusu usalama. Kwenye barabara tambarare, kwa mwendo wa mtaani, gari dogo litakokota mzigo unaozidi kikomo chake na dereva asihisi kitu. Kikomo kimezingatia mengi zaidi ya kung'oa mzigo: kusimama kwa wakati, kukata kona, kupanda kilima bila giaboksi kuchemka, na kubaki kwenye mstari pale lori la matairi kumi na nane linapokupita na kukusukumia upepo ubavuni.

Turudi kwenye uzito. Ile 1,300 ni ya tela tupu, kwa hiyo kilichobaki ni kilo 90. Baba wa watu akajaza tangi la maji la galoni 20, ambazo ni lita 76, na kila lita ni kilo nzima. Mtungi wa gesi uliojaa ukaongeza kilo 17, betri kilo 25. Hapo kikomo kilikwisha kupitwa, na sufuria hata moja haijaingia. Likafuata sanduku la barafu lenye nyama na soda, karai la chuma, mkaa, viti, na nyuma kabisa, kwenye chuma kilichofungwa bampani mwa tela, baiskeli za watoto. Tela likakaribia kilo 800.

Kuzidisha uzito ni kosa, lakini kubwa zaidi ni mahali uzito ulipokaa. Jiko liko nyuma, kwa hiyo karibu kila kizito kilikwenda nyuma ya matairi. Tela la ekseli moja ni kama mizani: ukizidisha upande wa nyuma, mbele hunyanyuka. Shingo ya tela, yaani kile chuma kirefu kinachofungwa kwenye gari, inatakiwa iliegemee gari kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa tela. Tela la kilo 680 linahitaji angalau kilo 68 shingoni, na gari la kiwango hiki mara nyingi haliruhusiwi kubeba zaidi ya hizo hizo 68. Nafasi ni nyembamba kiasi hicho. Shingo ya baba huyu ilielemea kama kilo 30 tu, na hakuna taa ya dashibodi inayowaka kwa jambo hilo.

Ijumaa wakashika barabara kuu ya I-70 kuelekea magharibi. Denver iko kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi. Handaki la Eisenhower, barabara inapopenya milima, liko mita 3,400, juu kuliko kituo cha Mandara kwenye njia ya Kilimanjaro. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo imepoteza kama theluthi ya nguvu zake. Gari lilipanda kwa kelele, guu limezamisha mafuta mpaka chini. Walipotokea upande wa pili wote wakashusha pumzi, wakidhani kazi imekwisha.

Mteremko wa kwenda Silverthorne ni mkali, na kando yake zimejengwa njia za dharura kwa ajili ya malori yaliyoishiwa breki. Kuona njia hizo peke yake kungetosha kumfanya dereva ashushe gia mapema. Huyu aliacha gia kwenye D. Gari likajiongezea mwendo, maili 60, 65, 70, naye akawa anagusagusa breki. Tela lake halikuwa na breki, ingawa baadhi ya watengenezaji wa magari hutaka kila tela linalozidi pauni 1,000 liwe na breki zake. Lori likampita. Tela likayumba kulia kidogo, likarudi kushoto zaidi, na mkia wa gari ukafuata. Mara ya tatu kioo cha pembeni kilimwonyesha ubavu mzima wa tela, mlango na dirisha lake.

Akafanya ambalo wengi wetu tungefanya: akakanyaga breki kwa nguvu na kuzungusha usukani kinyume. Gari lilipunguza mwendo, tela halikupunguza; likalisukuma gari kwa nyuma likiwa limeshapinda. Kila alipojaribu kulirekebisha alikuwa amechelewa, na usukani ukawa unaongeza yumbo. Gari liligeuka likatazama lilikotoka, tela likalala ubavu katikati ya barabara. Mkewe alivunjika mtulinga. Watoto walitoka salama kwa sababu walifunga mikanda.

Tela likizidi mwendo fulani, yumbo halitulii lenyewe, hukua. Na kadiri nyuma inavyokuwa nzito, ndivyo hatari inavyoanza kwa mwendo mdogo zaidi. Likianza, achia mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, usishindane na tela. Kama tela lina breki zinazobonyezwa peke yake, zibonyeze hizo taratibu. Lakini mteremkoni, gia ikiwa D, kuachia mafuta hakupunguzi mwendo wa kutosha, ndiyo maana gia ndogo huwekwa kabla ya kuanza kushuka.

Kupima shingo kunahitaji mizani ya bafuni tu. Pakia kila kitu, simamisha tela mahali tambarare, zuia matairi, weka gogo juu ya mizani, kisha ishushe shingo juu yake mpaka tela likae sawa kama linavyokaa likiwa limefungwa kwenye gari. Ikisoma pungufu, hamishia vizito mbele. Uzito wote hupimwa kwenye mizani ya umma katika vituo vya malori. Soma pia kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva: kinataja uzito wa abiria na mizigo yote ambao gari linaweza kubeba, na uzito wa shingo ya tela unahesabiwa humo. Maji yajazwe kambini, kama kuna bomba. Mwendo nao uheshimiwe. California haimruhusu yeyote anayevuta tela kuzidi maili 55 kwa saa.

Na namba zikigoma hata baada ya hayo yote, kodi gari kubwa zaidi, au liache tela nyumbani. Tela la umbo la tone lina kitanda cha watu wawili. Watoto wa baba huyu wangelala kwenye hema vyovyote vile, na hema lilikuwa tayari kwenye buti.