Mke Anayerudisha Pigo



Ndugu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu. Mtaani ikisikika kwamba mke kammwagia mumewe maji ya moto au kampiga mchi, wengi husema wanawake wa siku hizi hawana adabu. Wachache huuliza aliishi vipi mle ndani, na alikwenda mara ngapi kwa wazee akaambiwa, "Vumilia mwanangu, ndoa ni sitara."

Wapo wake wanaopiga kwa ubabe wao tu. Hao ni madhalimu kama madhalimu wengine. Leo nasema juu ya yule anayepigwa miaka nenda miaka rudi, hata siku moja naye akarudisha. Kujihami anaposhambuliwa, kwa kadiri ya kuzuia shari, dini imemruhusu. Kumvizia mume usingizini haikumruhusu. Mama zangu mlio nyuma ya pazia, sitawaficha hilo. Lakini anayepiga ili atawale hawi sawa na anayepiga ili apone.

Imepokewa na Abu Daud kwamba Habiba bint Sahl alipigwa na mumewe, Thabit bin Qays, hadi akavunjwa kiungo. Baada ya alfajiri akaenda kwa Mtume (s.a.w.). Hakuambiwa arudi akavumilie. Thabit aliitwa, akarudishiwa bustani mbili alizotoa mahari, wakaachana. Wala Thabit hakuwa mtu duni. Alikuwa khatibu wa Answari.

Sisi tunafanya nini? Tunaishika aya ya 35 ya Suratun Nisaa, ya waamuzi wawili, tukamrudisha mke usiku uleule kwa aliyemvimbisha jicho. Aya ile inataka nia ya suluhu. Mwenye fimbo mkononi ana nia gani? Hata Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, haimpi yeyote haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo.

Basi wazee, mke akija na jeraha, alale kwao. Apelekwe polisi, kwenye dawati la jinsia na watoto, apewe fomu ya PF3, atibiwe. Kukicha walii na sheikh wakae, na akitaka khuluu, yaani kuachana kwa kurudisha mahari kama Habiba, asizungushwe. Mume naye aitwe, aulizwe mbele ya wanaume anaowaheshimu, na majibu yake yasifichwe kwa kuwa ni jirani yetu wa safu ya kwanza.