Mnyama wa Mwisho Ni wa Nani?

Watu wengi wa Kolwezi na wa vijiji vya kando yake hula nyama ya pori, wala hawaoni sababu ya kuiungama. Ni kweli, kula nyama si dhambi. Lakini liko swali jingine lililo gumu zaidi: mtu aliyeruhusiwa kuua mnyama kwa chakula, je, ameruhusiwa pia kuimaliza aina nzima ya mnyama huyo?

Swali hili si la mbali. Katika nchi yetu ya Katanga iko Parke ya Upemba, iliyowekwa tarehe 15 Mei 1939, yenye misitu ya miombo, nyika za juu, na maziwa na mabwawa ya mto Lualaba. Humo wamo tembo, nyati, viboko, nyani na popo. Na humo wamebaki punda milia wa mwisho wa Kongo.

Tumfikirie mnyama mmoja tu. Katika mabwawa hayo anaishi swala apendaye majimaji, aitwaye lechwe wa Upemba. Ngozi na mafuvu yake yalipelekwa Ubelgiji zamani, lakini wataalamu hawakumtambua kuwa aina ya pekee mpaka mwaka 2005. Mwaka 2025 ilitangazwa picha yake ya kwanza akiwa hai, pamoja na habari ya huzuni kwamba huenda waliobaki hawafikii 100. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mungu alimletea Adamu wanyama ili awape majina; sisi tumekaribia kummaliza huyu kabla jina lake halijatufikia masikioni.

Basi tumtazame Noe. Aliingiza katika safina wanyama safi na wasio safi, walao nyasi na walao wenzao. Hakuuliza yupi ana faida na yupi hana. Baada ya gharika, Mungu alimpa ruhusa ya kula nyama. Na papo hapo akafanya agano, si na Noe na wanawe tu, bali na kila kiumbe hai kilichotoka safinani. Angalieni vema: ruhusa ya kula alipewa mtu yule yule aliyeokoa kila aina. Asiyetaka kuokoa, asijitetee kwa ruhusa ya Noe.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba Mungu aliumba viumbe vya namna nyingi kwa sababu kiumbe kimoja hakitoshi kuonyesha wema wake. Kinachopungua katika kimoja huonekana katika kingine. Mwindaji akiua swala mmoja, wenzake watazaa. Lakini anayeua wa mwisho ameinyamazisha sauti iliyomsifu Muumba, wala hakuna fundi wa kuirudisha. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Laudato Si' ya mwaka 2015, alisema wazi kwamba haki hiyo hatuna.

Sisi wa nchi ya shaba tuna hatari yetu ya pekee. Tumezoea mgodi. Shaba haizai, ukiichimba inapungua, na ikiisha watu huhamia shimo jingine. Tabia hiyo imetuingia moyoni, nasi tunaliendea pori kana kwamba nalo ni mgodi. Lakini mnyama huzaa, na mti huchipua. Atwaaye kwa kiasi, wajukuu wake nao watatwaa. Atwaaye vyote, amekula na sehemu ya wajukuu.

Labda baba mmoja atasema: «Watoto wangu wana njaa, nimwache swala apite?» Neno lake tusilidharau. Maskini hawezi kuambiwa alinde pori huku wenye mali wakilikata kwa mashine, au wakinunua pembe za tembo. Kwa hiyo lawama ya kwanza haimwendei yeye. Yatuendea sisi wa mjini, tulio na mshahara, tunaonunua nyama iliyokaushwa bila kuuliza imetoka wapi, na magunia ya makala bila kujali mti gani umeanguka. Mtego umetegwa kijijini, lakini fedha yetu ndiyo iliyoukaza. Na walinzi kadhaa wa Upemba wameuawa kazini. Damu yao haituruhusu kusema hatujui.

Yatupasa nini, basi? Mnunuzi aulize kabla ya kulipa, na asiporidhika, aache. Mzazi awafundishe wanawe majina ya wanyama wa nchi yao. Na jumuiya za Kikristu zimsaidie mwindaji apate kazi nyingine ya kumlisha, maana kumkataza bila kumsaidia si haki.

Mnyama wa mwisho si wa mwindaji, wala si wa mnunuzi. Ni wa Mungu aliyemfanya, naye atatuuliza habari zake, kama mwenye mali anavyomwuliza mtunzaji wake.