Ardhi, Elimu na Haki ya Wajao

Katika nchi kavu ya uwanda wa kati, swali la ardhi ni swali la maadili kabla ya kuwa swali la sayansi. Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni kiangazi. Mahali kama hapo, kila mti unaokatwa na kila ng'ombe anayeongezwa zizini ni mkopo, na mara nyingi mwenye kuulipa si yule aliyeukopa bali ni mwanawe. Ndiyo maana hatuna budi kuuliza: ni nani mwenye haki ya kumwambia mtu wa leo ajinyime kwa ajili ya mtu wa kesho? Na elimu ya chuo kikuu ina wajibu gani katika kulijibu swali hilo?

Tuitazame kwanza Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikiwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha huko mradi wa karanga. Nia ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, na uamuzi huo ulitokana na uchunguzi wa majuma machache tu. Yaliletwa matrekta, wakaletwa na mabingwa. Lakini vichaka na mibuyu viliishinda mitambo, udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua haikutii mipango ya London. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Maarifa hayakukosekana, kwani kila bingwa aliijua kazi yake. Kilichokosekana ni baraza ambamo maarifa hayo yangekutana, na sikio la kumsikiliza Mgogo, ambaye hakuchagua uwele na mtama kwa uvivu wa kufikiri, bali kwa kuijua mvua yake.

Kisa cha pili ni kizito zaidi, maana ndani yake wataalamu hawakushindwa. Katika vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, maji ya mvua yalikuwa yameichimba ardhi makorongo makubwa. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa jina la HADO, kwa msaada wa Sweden. Makinga maji yalichimbwa, miti ikapandwa, lakini ng'ombe na mbuzi waliendelea kula kila jani lililochipua. Basi mwaka 1979 iliamriwa kwamba mifugo yote iondolewe katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wanyama wanaokaribia 90,000 wakatolewa.

Ardhi ilipona. Majani yalirudi, vichaka vikafunika miteremko, na wakulima wakalima mahali palipokuwa mchanga mtupu. Anayepima kwa macho atasema kwamba amri ile ilikuwa njema. Lakini katika utamaduni wa watu wa uwanda wa kati ng'ombe si nyama na maziwa tu. Ng'ombe ni mahari, ni bima ya mwaka wa njaa, ni uzi unaoziunganisha koo. Mfugaji wa Ugogo humkabidhi ndugu au rafiki wa mbali sehemu ya kundi lake, ili ukame au maradhi yasimmalizie yote kwa siku moja. Kuondoa mifugo, basi, kulikuwa pia kukata uzi huo. Watoto walikosa maziwa, na makundi mengine yalihamia nyanda za jirani, yakapeleka huko mzigo uleule wa malisho. Ruhusa ya kufuga ndani ya zizi kwa kukatiwa majani ilikuja baada ya miaka kumi hivi.

Je, ilikuwa haki? Wako watakaosema kwamba wengi wasiozaliwa bado wana uzito kuliko wachache walio hai. Sisi hatuwezi kuipokea kauli hiyo bila sharti. Ni kweli kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta, na korongo ni ufa wa nchi. Lakini kujinyima ni fadhila pale tu mwenye kujinyima anapokuwa ameshiriki katika shauri. Anayeamriwa kutoa bila kushauriwa hajajinyima, amenyimwa. Aidha, anayeamuru dhabihu na kurudi mjini kunywa maziwa yake hana budi kujiuliza ni kwa mizani gani ameigawa hasara.

Hapa ndipo inapoingia kazi ya chuo kikuu. Mwaka huohuo wa 1979, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ofisi ya utafiti wa ardhi iliyoanzishwa 1967 iligeuzwa kuwa Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali. Wachunguzi wake, wakishirikiana na wenzao wa Stockholm, walikwenda Kondoa wakiwa wa fani mbalimbali: wa jiografia, wa udongo, wa mimea, wa mila na maisha ya watu. Uchunguzi wa udongo ulionyesha kwamba mmomonyoko wa vilima vile una umri wa karne nyingi, wala haukuanza na mfugaji wa jana. Hilo ni jambo la udongo, lakini pia ni jambo la haki, kwa sababu huondoa lawama juu ya kichwa kisichostahili kuibeba peke yake. Mtu wa fani moja angeliona nusu tu ya neno hilo. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kuna hatari ya upande wa pili, nayo tusiifiche. Kumsikiliza mzee wa kijiji si kumsujudia. Mkulima naye hukosea, na desturi iliyofaa pale watu walipokuwa wachache yaweza kuangamiza pale walipokuwa wengi. Tunachodai ni kwamba maarifa yote, ya kitabu na ya jembe, yasimame mbele ya kipimo kimoja: je, nchi itaweza kuwalisha wajao bila kuwavunjia heshima waliopo?

Tangu mwaka 2007 Dodoma yenyewe ina chuo kikuu, nacho kimejengwa juu ya ardhi hiihii tunayoizungumza. Hata hivyo kazi hii haiwangoji wenye shahada. Mwalimu wa jiografia, wa kilimo, wa historia na wa Kiswahili wanaweza kwenda pamoja na wanafunzi wao kwenye korongo lililo karibu na shule, wakamwalika na mzee anayekumbuka lilivyoanza. Mmoja apime kina chake, mwingine aulize mashamba yaliyomezwa yalikuwa ya nani, mwingine ayaandike majina ya miti iliyotoweka. Kisha wote waulizane nani atalipa, na kwa nini awe yeye. Korongo halina idara, na anayetaka kuliziba hana budi kulijua lote.