Ngoma Jukwaani na Haki ya Kukosoa

Katika Kiswahili cha pwani husemwa kwamba mwali amechezwa. Haisemwi kwamba amecheza, wala kwamba wengine wamecheza mbele yake naye akatazama. Kitenzi kinamwangukia yeye mwenyewe, na atokapo ndani hawi tena yule aliyeingia. Vivyo hivyo mwenye pepo hupungwa. Lugha yenyewe, basi, imekwisha kutoa hukumu: ngoma ni tendo, na tendo hilo lina mtendwa. Mtendwa huyo akiondolewa, pakawekwa mahali pake safu za viti na watu walionunua tikiti, kinachochezwa ni kitu gani?

Vyuo vya Afrika Mashariki vimeishi na swali hili zaidi ya nusu karne, na mara nyingi vimelijibu kwa haraka. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba waliosoma walizijua dansi za Kizungu kuliko ngoma za kwao, na miongoni mwa ngoma alizozitaja ilikuwamo lelemama ya pwani. Kikaundwa Kikundi cha Ngoma cha Taifa. Na kilipokwisha muda wake, kazi ile ikarithiwa na Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Kuanzia mwaka uliofuata chuo kikawa na tamasha lake la kila mwaka, la ngoma, muziki, sarakasi na michezo ya kuigiza. Ukumbi wake uliungua moto mwaka 2002, ukafunguliwa mpya mwaka 2008, na wakati huo chuo kilikuwa kimekwisha kubadilishwa jina na kuitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Majina yamegeuka na mapaa yameteketea. Swali halikuungua.

Itazamwe sindimba ya Wamakonde, kwa kuwa ndiyo iliyosafiri zaidi na ndiyo iliyolaumiwa zaidi. Huko kwao ilifungamana na jando na unyago, na kile kiuno kilichowakera baadhi ya watazamaji wa mjini kilikuwa somo: kijana alikuwa akifundishwa mambo ya ndoa kwa njia ambayo maneno matupu yasingeiweza. Ilipopandishwa jukwaani, wa kufundishwa hakuwapo. Usiku mzima ulikatwa ukawa dakika chache. Mduara, ambamo kila mchezaji humwona mwenzake usoni, ulifunguliwa ili wote waelekee upande mmoja, upande wa viti. Kiuno kikabaki peke yake, hakina wa kumfunza. Haishangazi kwamba wapo waliokiona kuwa utovu wa adabu. Lawama ile iliwaangukia Wamakonde, hali ya kuwa wao hawakuwa wamepanga ratiba.

Ni rahisi kutoka hapo hadi kwenye hukumu kwamba vyuo viliiba. Hukumu hiyo haisimami. Ngoma za mwambao hazikupata kukaa kwao hata siku moja. Beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 kwa kuiga bendi za askari wa Kizungu, ikasafiri Tanganyika nzima na kuvuka mipaka, na kila ilikofika ilipata wenyewe wapya waliogombana kwa mavazi, vyeo na mashairi. Hakuna aliyeomba ruhusa, na hakuna aliyedhulumiwa. Tena, kijana wa Kizaramo aliyejifunza chuoni Bagamoyo kuzipiga ngoma za Kimakonde alipata kitu ambacho ukoo wake usingempa. Anayetaka kila ngoma ibaki kijijini kwake ataulizwa kwa nini utenzi wa Lamu usomwe Unguja.

Dhuluma, basi, ikiwapo, haiko katika kuchukua. Huenda iko penginepo, na taarabu yaweza kuonyesha ni wapi. Katika taarabu ya harusini, mwimbaji anapofika kwenye beti fulani, mwanamke mmoja huinuka, akaenda kwa mwendo wa madaha kumtunza. Noti ile si malipo tu. Anasema mbele ya kadamnasi kwamba beti hilo ni lake, na aliyekusudiwa, ambaye pengine ameketi safu ya pili, anajua kwamba amepata. Mwenye kujibu atangoja beti la kumfaa naye atainuka. Shairi lililotungwa na mtu mwingine kabisa limepata msemaji na msemwa. Na mwimbaji akiboronga, akalipotosha beti, atajua saa ileile, kwa sababu hakuna atakayeinuka. Wimbo huohuo ukiimbwa katika ukumbi wa chuo, kwa ufundi huohuo na pengine kwa ala zilizolinganishwa vizuri zaidi, watu hukaa kimya mpaka mwisho, kisha hupiga makofi. Makofi hupigwa hata kwa kilichoharibika. Ni adabu nzuri, lakini haimwambii msanii lolote.

Kumiliki ngoma, kwa maana hii, ni kuwa na haki ya kusema: hapo umekosea. Kungwi anayo, mwenye kutunza anayo, mzee aliyeketi kando ya mduara anayo, na watoto nao huicheka hatua iliyokosewa. Mnunuzi wa tikiti hana. Ameinunua nafasi ya kuketi. Hakununua wala hakupewa nafasi ya kukosoa, na mara nyingi hajui cha kukosoa. Msanii wa chuo anaweza kucheza vibaya ngoma ya watu miaka ishirini na asijue, kwa kuwa wanaojua hawapo, na waliopo hawajui.

Wapo waliolihisi jambo hili wakatoka nje ya kuta. Mwaka 1965 walimu na wanafunzi wa Makerere, chini ya David Cook, waliunda kundi la maigizo la kusafiri, wakazunguka na michezo katika lugha kadhaa, Kiswahili ikiwa mojawapo, wakiigiza katika kumbi na viwanjani mbele ya watu wengi ambao hawakuwa wamezoea kukaa kimya. Chuo kilitoka, lakini kilitoka na mchezo uliokwisha pikwa. Kamiriithu, karibu na Limuru, mwaka 1977, hatua ilikuwa ndefu zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipeleka mchezo wa Kigikuyu, Ngaahika Ndeenda, ukafanyiwa mazoezi hadharani, wakulima na wafanyakazi wakisimama kuwaambia watunzi kwamba mzee hasemi hivi, wala wimbo ule hauimbwi vile. Profesa alikosolewa na watu wasiojua kusoma, akarekebisha. Serikali iliufunga mchezo mwezi Novemba mwaka huohuo, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akakamatwa. Watawala walikwisha ona kwamba watu waliozoea kumsahihisha mwigizaji hawataishia kwa mwigizaji.

Ratiba ya tamasha haiwezi kuwa Kamiriithu, wala haihitaji. Lakini chuo kinachoipandisha jukwaani ngoma ya watu chaweza kuwaita wenye ngoma hiyo kwenye mazoezi kabla ya kuwaita wageni ukumbini, kiwape kiti cha mbele na ulimi, na kuvumilia wanapotikisa kichwa. Nauli yao ni ghali. Labda ndiyo sababu huwa ya kwanza kukatwa katika bajeti.

Unguja ilikuwa na mtu mmoja aliyeyajua majukwaa yote mawili. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, aliufunga msondo kiunoni mbele ya watazamaji wa Ulaya, akapiga, akaimba, wakasimama kumshangilia. Wapo akina mama waliomlaumu kwa kuyaanika ya ndani. Lakini alichokitoa nje alikichagua mwenyewe, naye alijua kipi amekiacha. Akirudi nyumbani, wasichana waliovunja ungo walikuwa wakimngoja. Mlango ulifungwa, wanaume wakabaki nje, na ndani akina mama wenye umri na ujuzi walikuwa tayari kumsikiliza na, ikibidi, kumkatiza. Huko mwali alichezwa.