Hekima ya Mikono

Ndugu wapenzi, twamkumbuka Bezaleli, ambaye Mungu alimjaza Roho yake apate kufua dhahabu na kuchonga miti kwa ajili ya hema takatifu. Basi ufundi nao ni kipawa kitokacho juu. Lakini sisi mara nyingi twausifu usomi na kuidharau kazi ya mikono.

Tutazame habari za Grace Hopper wa Marekani. Alipokuwa na miaka 7 alizifungua saa 7 za nyumbani, ili ajue zinavyokwenda. Mama yake hakuikomesha hamu ile, bali alimwachia saa moja aifungue. Mtoto yule akawa mwalimu wa hesabu. Na mwaka 1943, wakati wa vita, akaingia jeshi la maji, akajifunza kuiongoza kompyuta yenye urefu wa mita 15. Mwaka 1952 akatunga programu iliyoiwezesha kompyuta kujikusanyia amri zake. Hata uzeeni aliwagawia wanafunzi vipande vya waya, kila kimoja sentimeta 30 hivi, waone kwa macho umbali ambao umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Alistaafu jeshini mwaka 1986, mwenye miaka 79.

Je, sisi mtoto wetu akifungua saa, twamfanyia nini? Twashika fimbo! Tuangalie, tusije tukakizima kipawa alichokiwasha Mungu. Nawe fundi, usiufiche ujuzi wako; maana Bezaleli alipewa pia moyo wa kuwafundisha wengine. Bwana aibariki mikono yetu. Amina.