Elimu Isiyoishia Njiani

Elimu ya ngazi fulani huitwa kamili pale ambapo anayeishia hapo hahesabiwi kuwa ameishia njiani. Wazo hilo lilibeba sehemu kubwa ya Elimu ya Kujitegemea, waraka alioutoa Rais Julius Nyerere wa Tanzania Machi 1967. Wakati huo, watoto wapatao 13 tu katika kila 100 waliomaliza shule ya msingi ndio waliotarajiwa kupata nafasi ya sekondari, ilhali masomo ya wote yalipangwa kwa ajili ya hao 13. Nyerere alitaka shule ya msingi ijitosheleze, na mitihani ipunguziwe uzito.

Leo swali hilo limehamia sekondari. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaweka miaka 10 ya elimu ya lazima: 6 ya msingi na 4 ya sekondari. Mtaala ulioanza kutumika kwa awamu Januari 2024 una mkondo wa jumla na mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi na kazi, na kwa maandishi hakuna ulio juu ya mwenzake. Lakini hadhi haitolewi kwa waraka. Mzazi huitazama kwa mwajiri na kwa chuo, kisha ndipo humchagulia mwanawe mkondo.

Kuingiza masomo ya kazi sekondari si jambo geni. Miaka ya 1970 sekondari za Tanzania ziliwekewa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Kenya nayo ilisisitiza masomo ya vitendo katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985; karakana hazikutosha, gharama zikawaangukia wazazi, na baadaye masomo hayo yakapunguzwa.

Uhaba wa vifaa ndio hulaumiwa kwanza, na kwa haki. Hata hivyo, karakana ikijaa vifaa bado kuna tatizo la kipimo. Mtihani wa maandishi unaweza kumtaka mwanafunzi ataje sehemu za randa. Hauwezi kuona kama amelitoa bapa kupita kiasi hadi likachimba ubao, wala kama amepiga randa kinyume cha nyuzi za mninga. Mwalimu aliyesimama kando huyajua yote hayo kwa kutazama tu maranda yanavyotoka. Tatizo ni kwamba mwalimu huyo ana wanafunzi wake na jina la shule yake la kulinda, na alama zake hazilinganishiki na za mwalimu wa mkoa mwingine.

Hapo ndipo malengo mawili yanapogongana. Kuchuja kunadai kulinganisha watu wasiojuana, kwa swali moja, siku moja, Mtwara na Dar es Salaam. Ukamilifu unadai jambo dogo zaidi: kujua kama huyu anaiweza kazi au haiwezi, hata wenzake wote wakiiweza. Cheti kimoja cha kidato cha nne kinapobebeshwa kazi zote mbili, kuchuja hushinda, maana ndiko kunakogawa nafasi zilizo chache.

Njia mojawapo ni kuacha cheti kishuhudie umahiri tu, na kila chuo kichuje wanaoomba kuingia kwa usaili wake. Njia hiyo nayo ina gharama: mtoto wa kijijini atahitaji nauli na mahali pa kulala mjini, na usaili wa ana kwa ana ni rahisi kupenyezewa mkono wa jamaa kuliko karatasi yenye namba badala ya jina.